Usinifuate Shimoni

Binti yangu Corinne ana kovu la moto shingoni, upande wa kushoto. Watu wakimwuliza husema alijiunguza na pasi. Si kweli. Alikuwa fundi umeme katika meli ya kivita, na siku moja chumba cha swichi kule chini kilishika moto. Wote waliamriwa kutoka, wakatoka. Corinne alipotazama nyuso za wenzake akaona mmoja hayupo, akarudi kwenye moshi bila kumwuliza mtu. Alimtoa mwenzake akimburuta kwa mkanda wa suruali. Jeshi likampa nishani. Nishani hiyo niliiweka kabatini nyuma ya vikombe, maana kila nilipoiona niliuona ule moshi.

Siandiki haya kumsifu. Nataka tu ajulikane ni mtu wa namna gani, kwa sababu yaliyotokea baadaye hayaeleweki bila hilo. Corinne ni mtu wa kurudi, tangu utotoni. Mbwa wa jirani alipotumbukia kwenye barafu nyembamba ya mto wetu, watoto wengine walikimbia kuita watu wazima. Yeye nilimkuta amelala kifudifudi juu ya barafu, amemshika mbwa sikio. Nilimchapa, nikamkumbatia, kisha nikamchapa tena.

Sisi ni watu wa Gloversville, mji wa Marekani ambao zamani ulishona glavu za nchi nzima. Mimi nilianza kushona glavu kabla sijamaliza shule, na viwanda vilipofungwa nikawa nashona mapazia ya watu. Mikono hiyo ndiyo iliyonipatia kazi kwenye karakana ya baridi. Karakana iko ndani ya kiwanda cha zamani cha ngozi, kando ya mto, na kazi yake ni kutengeneza vyombo vya umeme vya meli za kivita na ndege za jeshi, vyombo ambavyo hufanya kazi vikiwa vimepoozwa kuliko barafu yoyote unayoijua. Walihitaji wanawake wa kuyafunga mapipa ya kupoozea vyombo hivyo kwa karatasi nyembamba inayong'aa kama fedha, tabaka juu ya tabaka, na katikati ya kila tabaka wavu laini kama shela ya bibi harusi, ili joto la nje lisiingie. Ukikaza sana, joto linapita. Ukilegeza, linapita.

Corinne aliporudi kutoka jeshini, mimi ndiye niliyemwambia kuna nafasi ya fundi. Nilitaka awe karibu. Na niliona baridi ni afadhali kuliko moto.

Wiki yake ya kwanza tulikula sandwichi pamoja kwenye meza yangu ya kazi. Akatoa mfukoni utepe mwembamba, kama ule wa kufungia zawadi.

"Mama, kule melini kebo za shaba zilikuwa nene kama paja langu. Na chumba cha swichi kina joto mpaka macho yanatoka jasho. Sasa hii hapa, ikipoa vya kutosha, inapitisha umeme ule ule na haipati hata uvuguvugu. Na inveta yake, ile inayogeuza umeme wa kwenda kwenye mota, ukiizamisha kwenye baridi inakuwa ndogo na inafanya kazi vizuri zaidi. Meli inapata nafasi. Ndege inakuwa nyepesi."

"Na ikipata joto?"

"Mama nawe! Kila kitu unauliza kitakavyoharibika."

"Nimeuliza, nijibu."

"Ikipata joto ghafla, umeme wote ule unageuka moto mahali pamoja. Naitrojeni, kile kimiminika cha kuipoozea, inachemka. Ndoo chache tu zikichemka zinajaza chumba kizima gesi."

"Gesi ya sumu?"

"Hata kidogo. Ni sehemu kubwa ya hewa hii hii unayovuta. Ila haina ile inayokuweka hai. Unavuta, unajisikia vizuri tu, hukohoi, hupaliwi. Halafu umelala chini."

Sandwichi ilinishinda.

Katikati ya karakana kulikuwa na shimo la zege, refu kuliko mtu. Enzi za kiwanda ngozi zililowekwa humo. Sasa ndani yake walisimamisha pipa kubwa la majaribio, kwa kuwa pipa lilikuwa refu na paa liko chini. Gesi ile ikiwa baridi ni nzito. Hushuka na kutulia chini, kama maji kwenye beseni. Ndiyo maana palikuwa na feni ya kuinyonya kutoka shimoni. Kila fundi alivaa kifuani kikengele kinacholia hewa ikipungua, na hakuna aliyeruhusiwa kushuka ngazi bila mkanda wa mwili na kamba iliyofungwa kwenye mashine ya kumvutia juu.

Mwenzake Corinne pale shimoni aliitwa Tad Vroman. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye ndevu, mwindaji wa kulungu, na kofia yake ya kuwindia ya rangi ya machungwa haikumtoka kichwani kiangazi wala baridi. Mkewe Bernadine ana saluni karibu na posta. Tad alikuwa na sikio la ajabu. Alisikia vali inayovuja kabla mita haijaonyesha.

Mafundi wa baridi wana desturi yao. Haikuandikwa ukutani, ilitoka kwa wa zamani, waliowahi kuona mmoja ameanguka, wa pili akamfuata kumwokoa, na wa tatu akawafuata wote wawili. Kila asubuhi, kabla ya kufungua vali, wanaofanya kazi pamoja husimama ukingoni na kushikana mikono. Mmoja anasema, "Usinifuate." Mwenzake anajibu, "Sikufuati." Kisha wanabadilishana.

"Usinifuate," Tad alikuwa akisema.

"Sikufuati."

"Hata ukiona nimelala huku nimeshika bia?"

"Bia nitaivua kwa ndoano. Wewe utabaki."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nikitazama macho ya mwanangu. Aliposema "Usinifuate" alimkazia Tad macho. Aliposema "Sikufuati" alitazama viatu vyake. Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Nilianza kwenda kazini na hofu ya kitu kimoja tu: siku Tad akianguka, Corinne ataruka kumfuata, na nitazika mtoto.

Nilimwambia nyumbani, tukiwa mezani.

"Pale unadanganya."

"Pale wapi?"

"Pale ukingoni. Unamwambia humfuati huku unatazama chini."

"Mama, yale ni mazoea tu. Hakuna anayeanguka."

"Niapie."

"Siapi na kijiko mdomoni. Kula, supu inapoa."

Ilikuwa Februari, theluji imefika madirishani. Wiki iliyofuata watu wa jeshi la majini walikuwa waje kuona inveta ikibeba umeme wote wa mota ya meli, na Injinia Weatherwax, mkuu wa karakana, alitaka ijaribiwe mara moja kabla hawajafika. Alikuwa kijana mpole anayetafuna kucha. Asubuhi hiyo alikuwa ameshamaliza za mkono mmoja. Pipa lilikuwa limepoa tangu jana yake. Ukungu mweupe ulitanda chini ya shimo kama kawaida, na feni ilinguruma kama kawaida. Tad na Corinne walishikana mikono, wakasema maneno yao, umeme ukaanza kupandishwa kidogo kidogo.

Nilikuwa mezani kwangu, upande wa pili wa karakana, nimeshika mkasi.

"Kuna kitu kinapiga mluzi," Tad alisema.

Corinne alikuwa kwenye mita. "Mita ziko sawa."

"Mita hazina masikio, dada. Kinapiga mluzi pale kwenye kifuniko." Alivua kikengele chake kifuani, akakitundika kwenye reli ya chuma inayozunguka shimo. Kilikuwa na tabia ya kulialia wakati wa kupooza pipa, na yeye alitaka kusikia. "Nashuka ngazi mbili tu nisikilize."

"Funga kamba."

"Naenda na kurudi."

"Tad, funga kamba!"

Corinne aliacha mita, akageuka kuichukua kamba ili amfunge yeye mwenyewe. Alipogeuka tena, Tad hakuwa kwenye ngazi. Hakupiga kelele. Kilichosikika ni spana ikigonga zege.

"Tad?"

Feni ilinguruma.

"Tad!"

Nilikuwa nimeshasimama. Nilimwona Corinne akipitisha mguu mmoja juu ya reli, kisha wa pili. Alikuwa juu ya ngazi, uso umeelekea ukutani kama mtu anayeshuka, mikono imeshika vyuma. Kikengele chake kikaanza kulia, kile kilio chembamba kinachoingia kwenye meno. Nilitaka kumwita na jina halikutoka.

Akashuka hatua moja.

Hapo akasimama. Alikuwa akitazama chini, kati ya miguu yake. Sikujua wakati ule anaona nini. Kisha akaanza kuurudisha mguu juu, polepole, kama mtu anayechomoa buti kwenye tope. Alipovuka reli nilimwona uso, na sikuwahi kumwona na uso ule, hata siku tuliyomzika baba yake.

Baada ya hapo hakusita tena. Alipiga kitufe chekundu, umeme ukakatika. Akafunga vali kuu. Akapaza sauti, "Weatherwax! Ita zimamoto! Waambie waje na mitungi ya hewa! Mtu yuko shimoni!"

Weatherwax alipiga simu huku anakimbia, na alipofika alitupa simu akaelekea ngazini. Corinne akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. Yule kijana akaanguka juu ya rundo la mabomba.

"Hakuna anayeshuka!"

"Atakufa, Corinne!"

"Najua!"

"Tunasimama tu hapa?"

"Fungua milango! Yote miwili! Nenda!"

Akaenda. Mimi nilikuwa nimeona mpira mrefu wa kupulizia hewa ulioning'inia kando ya meza yangu, ule niliotumia kukaushia matabaka ya karatasi zangu za fedha. Niliukamata, nikakimbia nao hadi ukingoni, nikainama kuuteremsha. Mtu hana hewa, mpelekee hewa. Ndicho nilichokuwa nacho kichwani.

Corinne alinipiga mkononi hadi mpira ukaanguka.

"Huo ni naitrojeni, mama! Ya kukaushia ni naitrojeni!"

Miaka yote niliyofanya kazi pale nilisikia wakiuita "hewa kavu", nami nikauita hivyo hivyo.

"Ule wa mlangoni!" alisema. "Wa kompresa, wa kujazia matairi! Kimbia!"

Sikujua nina mbio zile. Niliuvuta ule mpira sakafuni hadi ukakaza. Haukufika. Weatherwax alitokea na mwingine, akauunga, ukatoka, akauunga tena. Corinne alikuwa ameshachukua mti mrefu wa kufungulia madirisha ya juu. Akafunga mdomo wa mpira kwenye ncha yake kwa mkanda wa kunata, akalala kifudifudi ukingoni na kuuteremsha shimoni.

"Nishike, mama."

Nilimshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili na kukaa juu ya miguu yake. Kutoka pale nami nikaiona. Ile kofia ya rangi ya machungwa, ndani ya ukungu, imeegemea pipa. Ndiyo aliyokuwa akiitazama kutoka kwenye ngazi.

Mpira ulivuma na ukungu ukatawanyika kidogo kuzunguka uso wa Tad. Upepo wenye theluji uliingia milangoni na kuzipeperusha karatasi zangu za fedha karakana nzima. Kila mara kikengele cha Corinne kilipolia nilimvuta nyuma, akavuta pumzi, akajisukuma tena mbele. Na muda wote alikuwa akizungumza na yule mtu.

"Vuta, mjinga wewe. Nimekuambia ufunge kamba. Nimekuambia au sikukuambia? Vuta! Bernadine ataniua, unasikia? Atanikata nywele vibaya kisha ataniua. Vuta basi. Vuta."

"Anavuta?" Weatherwax aliuliza.

"Sijui."

"Kifua kinapanda?"

"Sijui, sijui, usiniulize!"

King'ora cha mji kikaanza kulia. Zimamoto wetu ni watu wa kujitolea; huyu anaacha duka la matairi, yule anaacha basi la shule. Waliingia wanne, theluji mabegani. Wawili walivaa mitungi ya hewa, wakajifunga kamba, wakashuka. Tulisikia pumzi zao zikikoroma ndani ya vifuniko vya uso. Mashine ikaanza kuvuta, na Tad akatokea juu ya reli, kichwa kimelala, ndevu nyeupe kwa barafu, ngozi rangi ya jivu. Walimlaza sakafuni, wakamwekea oksijeni. Dereva wa basi aliinamisha sikio lake kwenye mdomo wa Tad na akakaa hivyo muda mrefu mno. Kisha akainua kidole gumba.

Baadaye tuliambiwa kuwa kifuniko cha pipa kilivuja taratibu tangu usiku, na mdomo wa bomba la feni ulikuwa umejaa barafu. Feni ilinguruma tu. Haikuwa inanyonya chochote.

Hospitalini Bernadine alikuja na aproni yake ya saluni, nywele za mteja bado zimeshika kifuani. Alikuwa ameshasimuliwa. Alipita mbele yangu bila kuniona, akasimama mbele ya Corinne.

"Ulikuwa pale?"

"Nilikuwa."

"Ukasimama."

"Nilisimama."

"Mtu wa melini, ambaye hata jina lake la pili hulijui, ulimrudia motoni. Tad amekula Krismasi kwako. Tad ukasimama juu ukamtazama."

"Bernadine," nilianza.

"Sizungumzi na wewe, Rosalie. Wako yuko hapa amesimama kwa miguu yake."

Corinne hakujitetea. Alisema, "Ndiyo," kwa sauti ndogo, na Bernadine akaingia chumbani na kufunga mlango.

Tad aliamka, lakini si yule. Maneno yanamjia polepole. Ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto zilikatwa, maana mkono ule ulikuwa umegusa bomba, na miguu haimtii vizuri. Kazi ya baridi imekwisha kwake.

Jioni ya siku ile ya ajali, Corinne alifika nyumbani hakushuka kwenye gari. Nilitoka nikaketi naye.

"Niliiona kofia yake, mama. Ilikuwa karibu. Kama ningenyoosha mkono."

"Usingeifikia."

"Najua. Lakini nilikuwa naiona."

Nilikuwa na furaha kubwa kwamba yu hai, na sikuwa na mahali pa kuionyesha. Nikamshika tu goti.

Tangu Tad atoke hospitali, kila Jumamosi Corinne humpeleka kwenye mazoezi ya miguu, kwa kuwa siku hiyo saluni hujaa. Bernadine hakumsalimia. Alifungua mlango, akarudi ndani, na Corinne alisubiri garini hadi Tad atoke mwenyewe na fimbo yake. Theluji iliyeyuka, mambo yakabaki hivyo. Miti ikachanua, ikawa hivyo. Kazini Corinne aliendelea, ila alikonda, na nilipopika alivuruga chakula kwenye sahani kama mtoto.

Kisha nikakutana na Bernadine dukani, kwenye majokofu ya maziwa. Nilitaka kugeuza kigari changu. Akanizuia kwa chake.

"Nikuulize kitu, Rosalie. Angekuwa wako kule chini?"

Ningeweza kumdanganya.

"Ningeruka."

"Basi."

"Ningeruka, na Weatherwax angenifuata. Zimamoto wangetukuta tumelala juu ya Tad, na hakuna ambaye angempelekea hewa." Nilikisogeza kigari changu karibu na chake. "Nilimshushia mpira wa naitrojeni, Bernadine. Mimi. Kwa huruma yangu. Corinne ndiye aliyenipiga mkono."

Hakuwa akilijua hilo. Nililiona usoni mwake. Alifungua jokofu, akatoa chupa ya maziwa, akakazia macho tarehe yake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Analia?" aliuliza.

"Garini. Anadhani sijui."

Akairudisha chupa, akachukua ya nyuma yake.

"Tad hawezi kufunga kamba za viatu kwa vile vidole," alisema. "Na mimi Jumamosi niko mbioni kwenda saluni, na Corinne anaona haya kumwomba. Anatembea zimefunguka, ataanguka siku moja." Aliweka maziwa kwenye kigari. "Mwambie Jumamosi aingie ndani amfunge. Na aache kukaa pale nje na gari linanguruma, majirani wananiuliza kama nadaiwa."